Kikuba Juu ya Ampu

Kila Alhamisi alasiri, Bi Salhiya akishasali na kukunja mswala wake, huiondolea ampu ya Nadir kanga iliyoifunika, akaiwasha, kisha akakaa mkekani kuingoja ipate joto.

Ampu yenyewe, chombo cha kukuzia sauti ya gitaa, ni ndogo. Asiyejua angedhani ni sanduku la nguo za mtoto mchanga: ubao mweusi, kitambaa cha rangi ya mchele usoni, mshikio wa ngozi juu, na kijitaa chekundu kama punje ya komamanga. Imetengenezwa juzijuzi tu, lakini kwa mtindo wa kizamani, kwa ajili ya watu wanaopenda sauti ya zamani. Ndani yake mna taa za kioo kama zilizokuwamo katika redio ya baba yake Bi Salhiya, redio ambayo ukishaiwasha unakwenda kisimani kuteka maji, unarudi, ndipo inaanza kusema.

Nadir, mwanawe wa pekee, aliinunua kwa mgeni mmoja mpiga gitaa aliyeshindwa na uzito wa mizigo siku ya kuondoka. Nadir mwenyewe hupiga gitaa katika hoteli moja ya Kendwa, huko kaskazini ya Unguja, wageni wakila. Siku aliyoileta hiyo ampu kwa mama yake, Miembeni mjini, aliiweka juu ya kigoda chumbani, akapangusa jasho.

"Mama, pwani chumvi itaila. Na chumbani kwetu tumelala kama dagaa, sina pa kuiweka. Bora ikae kwako. Lakini usiiache baridi muda mrefu, unyevu utaiua. Kila wiki iwashe kidogo ipate joto."

"Niiwashe nisikilize nini, na mpigaji mwenyewe hayupo?"

"Usisikilize kitu. Iwashe tu. Hiki cha kuzungusha ni cha sauti. Hiki cha mwangwi. Hiki cha kutetema."

"Kutetema? Ina homa?"

Nadir akacheka, akachomeka gitaa lake, akampigia mama yake kidogo. Kwanza bila kitu. Kisha akatia mwangwi, na ile sauti ikawa kama mtu anayeimba ndani ya birika tupu. Kisha akatia kutetema, na kila noti ikawa inakuja inarudi, inakuja inarudi, kama taa ya chemni dirishani pakiwa na upepo. Bi Salhiya alisimama mlangoni na mwiko mkononi, mchuzi ukaungua jikoni, naye hakujali.

Hiyo ndiyo siku ya mwisho Nadir kulala nyumbani. Idi ilifika, akaja akala akaondoka. Idi ya pili akapiga simu.

Na Kendwa si Maskati, jamani. Mchuuzi wa pweza hutoka huko asubuhi, akauza sokoni Darajani, na adhuhuri yuko kwao analala. Lakini Nadir alikuwa na msimu. Msimu ukiisha, huja msimu mwingine. Bi Salhiya hakumlaumu. Alikuwa mtu wa kungoja, na kungoja nako ni kazi, kama kusonga halua: ukiondoa mkono tu, inashika chini.

Basi akawa anaiwasha. Mara ya kwanza aliipangusa vumbi ikiwa inawaka, akaigonga kwa kiwiko, ikanguruma kama radi. Akatoka mbio mpaka uwani akisema bismillahi. Baadaye Nadir akamweleza kwa simu kuwa ndani mna springi za kufanyia mwangwi, na ukizitikisa ndio zinalia. Akaizoea. Akajua kuwa bila gitaa nayo haikai kimya kabisa. Hunguruma kidogo, mngurumo mwembamba wa chini kwa chini. Siku moja akakizungusha kile kifundo cha kutetema, na ule mngurumo ukaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, polepole.

Bi Salhiya aliweka mkono kifuani. Pumzi ile aliijua. Ndivyo Nadir alivyokuwa akilala alipokuwa mdogo, kinywa wazi, kwenye kitanda kile kile kilichokuwa nyuma yake sasa, na yeye mama akimtilia kikuba cha asumini pembeni mwa chandarua ili alale vizuri.

Tangu hapo kila Alhamisi akawa anasokota kikuba: asumini, majani ya mrehani, na mkadi akiupata. Akakitundika kwa pini nyuma ya ampu, juu, pale mgongoni ilipo wazi na joto linapotokea. Taa zikipata moto, kikuba kinapumua, chumba kizima kikanukia. Naye akakaa, mkono juu ya ubao, akisikiliza.

Jirani yake, Bi Time, aliyekuwa haingii nyumba bila ya neno, alisimama dirishani siku moja akatega sikio.

"Shoga, hiyo stesheni gani? Mbona mtangazaji kalala?"

"Kalala. Usimwamshe."

"Mh! Watu wana majini yao ya rohani, mwenzetu ana jini la umeme!"

Sasa, Jumatano moja Nadir akapiga simu. Sauti yake ilikuwa na haraka na furaha.

"Mama, Jumamosi nnakuja."

"Kulala?"

"Nnakuja, Mama. Tutazungumza."

Bi Salhiya hakusikia zaidi ya hilo nnakuja. Siku ya pili yake aliamka akafagia mpaka nyuma ya kabati. Alasiri akaiwasha ampu, akasokota kikuba kikubwa kuliko vyote, akakitundika. Na kwa sababu moyo ulikuwa umejaa, akaona kikuba peke yake hakitoshi. Mgeni gani anapokewa kwa maua tu? Akautoa kabatini mrashi wake wa fedha, ule wa harusi yake, ambao hutoka kwa maulidi na kwa harusi tu, akautia marashi ya waridi. Akaunyunyizia ampu kama anavyonyunyiziwa mtu mzima: usoni mara, kichwani mara, kisha akaizunguka akainyunyizia na mgongoni.

"Karibu mwanangu," akasema. "Karibu nyumbani."

Ndani ya ampu kitu kikalia. Tik! Kidogo tu, kama mtu anayevunja ukucha. Ile pumzi ikakatika.

Kijitaa chekundu kilikuwa bado kinawaka. Bi Salhiya akazungusha kifundo cha sauti, hakuna. Mwangwi, hakuna. Akaigonga kwa kiwiko makusudi, na hata ile radi haikuja. Akaizima, akaiwasha. Akakaa mkekani na mrashi mkononi, marashi yakimdondokea pajani, na harufu ya waridi ikawa nzito chumbani kama ya chumba cha maiti.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, yeye na Bi Time waliibeba ampu wakaipeleka Mlandege kwa fundi Wakil. Waliishika huku na huku, imefunikwa kanga, na ndani springi zikilia kama vikuku kila hatua. Walipofika mlango wa tatu wakaulizwa na mwanamke aliyekaa barazani: "Poleni. Nani mgonjwa?"

"Mjukuu," Bi Time akajibu bila kugeuka.

Fundi Wakil ni mtu mnene, mpole, aliyekuwa akizitengenezea ampu vikundi vya taarabu tangu hajaota mvi. Aliamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaifungua. Akanusa. Akawatazama wale wanawake wawili.

"Bi Salhiya, mie nshafungua redio zilizoingia mende. Nshafungua iliyoingia mjusi akataga. Hii ndiyo ya kwanza kufungua ikanukia bibi harusi."

"Nimeua, Wakil?"

"Hujaua. Tazama." Akachomoa taa kubwa kuliko zote, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na juu kioo kimeingia weupe kama jicho la mtu mwenye mtoto wa jicho. "Kioo kina moto, wewe umekitilia baridi. Kikipasuka tu, hewa inaingia, basi tena. Hizi zilizobaki nzima."

Akainuka, akapekua kwenye bati la biskuti lililojaa pamba, akatoa taa nyingine, sawasawa na ile, ya redio ya zamani. "Una bahati. Hii nilikuwa nimeiweka, sijui nilikuwa namwekea nani."

Hapo simu ya Bi Salhiya ikalia mkobani. Nadir.

"Mama, nilitaka uipanguse ampu, uikunjie waya wake vizuri, maana nikifika nnaichukua. Nimepata kazi Salala, nchi ya Maskati, Mama! Hoteli kubwa. Lakini wanataka mpigaji aje na vyombo vyake, na sauti niliyoirekodi kwenye simu siku ile nilipoileta kwako, wakaisikia wakaipenda, ndiyo ya hiyo ampu. Jumapili nnasafiri. Mama? Unanisikia?"

"Naam. Nnakusikia."

"Hufurahi?"

"Nnafurahi, mwanangu. Niko kwa fundi hapa, kuna kelele."

Mlandege nzima haikuwa na kelele wakati ule. Alikata simu, akaitazama ile taa mkononi mwa Wakil, ambaye tayari alikuwa ameinama kuitia.

"Usiitie," Bi Salhiya akasema.

"Bibi?"

"Nipe mie. Nifundishe inavyotiwa, ntaitia mwenyewe."

Wakil akataka kusema neno, Bi Time akamkonyeza, akalimeza. Akamwonyesha: taa ina miguu chini, na katikati ya miguu ina kijino, kijino kikae kwenye tundu lake kwanza, kisha usukume, usiilazimishe. Bi Salhiya akaifunga ile taa kwa pamba, akaifunga pindoni mwa kanga yake, fundo mara mbili.

Njiani jicho la Bi Time halikutoka kwenye lile fundo. Mwisho akasema, "Salhiya, utamfunga mtoto kwa kioo?"

"Kioo hakimfungi mtu."

"Basi kwa nini hukukiacha kikatiwa?"

Bi Salhiya akalipapasa fundo kwa mkono wa pili. Springi zikaendelea kulia kama vikuku.

Jumamosi Nadir akaja mapema, gitaa mgongoni, kakonda, kapendeza. Alipiga hodi kama mgeni, mama yake akamjibu karibu kama mama. Alikuwa amempikia mkate wa kumimina na kuku wa kupaka, akamwekea mkekani, na Nadir akala huku jicho liko chumbani.

"Ngoja niijaribu kwanza, Mama, roho itulie."

Akachomeka gitaa, akaiwasha. Kijitaa chekundu kikawaka. Akangoja. Akapiga. Hakuna. Akakaza waya, akaulegeza, akaupuliza, akapiga magoti mbele ya kigoda. Bi Salhiya alikuwa amesimama pale pale mlangoni alipowahi kusimama na mwiko, safari hii mkono umeshika pindo la kanga.

"Nani kaigusa?"

"Mie. Juzi nimeinyunyizia marashi. Ikalia tik, ikanyamaza."

"Marashi!" Akacheka, na kicheko kikafia njiani. "Mama, hiyo taa imekufa. Leo ntaipata wapi? Kesho nnasafiri!"

Akatoka uwani na simu. Bi Salhiya akamsikia akimpigia huyu na huyu. Mmoja yuko Fumba, hana. Mmoja ana ampu, ya kisasa, isiyo na taa wala kutetema. Kisha sauti ya Nadir ikabadilika, ikawa ya chini na adabu nyingi, akajua anazungumza na wenye hoteli. "Nikichelewa kidogo... wiki moja... Naelewa. Naelewa kuwa mnaye mwingine. Nipeni mpaka jioni nikujibuni."

Wiki moja. Bi Salhiya alilisikia neno lile likaingia mwilini kama uji wa moto kwa aliyefunga. Wiki moja mwanawe angelala kitanda kile. Na wiki ikiisha, yule mwingine keshachukua kazi, na Kendwa si Salala, na pengine msimu mara hii ungekwisha kweli. Yeye hakuhitajiwa kufanya kitu. Alihitajiwa kunyamaza tu, na kunyamaza alikujua.

Nadir akarudi ndani, akakaa mkekani kando ya kigoda. Akaweka mkono juu ya ubao wa ampu, pale pale mama yake anapouweka kila Alhamisi. Kisha akalipakata gitaa, akaanza kupiga hivyo hivyo, bila umeme.

Gitaa la namna ile bila ampu halina sauti. Hulia kama ukucha juu ya sahani. Bi Salhiya aliona vidole vya mwanawe vinakwenda, vinapanda, vinashuka, vinatetema vyenyewe kuitafuta ile sauti inayokuja na kurudi. Aliona na uso wake, macho kafumba, kinywa wazi kidogo. Akasogea. Akainama mpaka sikio likakaribia nyuzi, na bado hakumsikia. Yuko mbele yake, goti kwa goti, na hamsikii.

Akakaa chini. Fundo alilifunga mwenyewe, lakini lilimshinda kulifungua, akatumia meno.

"Shika gitaa lako," akasema. "Nipishe."

Nadir akafumbua macho. Pamba ikaanguka mkekani, na taa ikametameta mkononi mwa mama yake.

"Mama! Unayo wewe?"

"Ninayo tangu jana."

"Tangu jana! Na mie nshawapigia simu watu wote wa Unguja!"

"Nilitaka ukae mpaka chai ya jioni."

Nadir akaiokota pamba. Akaitazama taa, akautazama mkate wa kumimina aliouacha nusu, akamtazama na mama yake.

"Ungesema tu, Mama. Ningekaa."

"Nimesema, mwanangu. Kendwa kuna mziki mkubwa, hukunisikia."

Akaizima ampu, akaichomoa, akazunguka mgongoni. Kidole chake kikatafuta lile tundu la kijino. Kijino kwanza, kisha sukuma, usilazimishe. Ikaingia. Akairudisha kwenye umeme, akaiwasha mwenyewe, akakaa chini kungoja joto, na Nadir akangoja naye, gitaa mapajani.

Kwanza ilikuja harufu. Marashi yaliyokuwa yamenywewa na ubao yalipata moto, yakatoka polepole, waridi, na chini yake asumini ya Alhamisi nyingi. Nadir akageuza uso upande wa dirisha. Kisha ukaja mngurumo. Bi Salhiya akanyoosha mkono akakizungusha kile kifundo cha kutetema, na pumzi ikaanza kupanda na kushuka.

"Umejifunza wapi hii?" Nadir akauliza kwa sauti ndogo.

"Wewe piga."

Akapiga. Alipiga mpaka Bi Time akaja na kigoda chake akakaa nje ya dirisha bila neno hata moja, mpaka chai ikaiva na ikanywewa. Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa akazima, akaenda kusali, akarudi akalala kwenye kitanda chake. Bi Salhiya hakuiwasha ampu tena. Hakukuwa na haja, mwenye pumzi alikuwapo.

Jumapili akaondoka nayo, imevikwa ile kanga.

Alhamisi ikafika. Bi Salhiya akasali, akakunja mswala, na mikono ikasokota kikuba kabla yeye hajakumbuka. Akaingia nacho chumbani, akasimama mbele ya kigoda kitupu. Mahali pa ampu palikuwa pamebaki pembe nne zisizo na vumbi. Akakaa mkekani na kikuba kiganjani, asumini baridi, haitoi kitu.

Simu ikalia.

"Mama, sina muda, nnaingia kazini. Ampu ikipata moto tu chumba kizima kinanukia waridi, wenzangu wananiuliza nimeoa lini. Hebu usiseme kitu. Sikiliza."

Ikasikika simu ikisogezwa. Kisha, kutoka mbali sana, hafifu kama ukucha juu ya sahani, ukaja ule mngurumo: kupanda, kushuka. Kupanda, kushuka.

Bi Salhiya akaibana simu sikioni, na kikuba akakibana juu ya simu. Simu ikapata moto kidogo, kama zinavyofanya.

Dirishani akatokea Bi Time, akatega sikio.

"Shoga, leo stesheni gani hiyo?"

"Salala."

"Na mtangazaji?"

Bi Salhiya akamwashiria kwa mkono apunguze sauti.

"Kalala," akasema. "Usimwamshe."